Moto Umelala

Katika nyumba ya Salvatory, fundi ujenzi wa Singe, hapakuwa na kiberiti. Si kwamba walikosa cha kununulia. Kiberiti hakikuwa na kazi pale. Mama yake, Bibi Kandida, aliposhuka kutoka Mbulu kuja kuishi na mwanawe mjini Babati, alikuja na godoro, vyungu viwili na mazoea yake, na la kwanza katika mazoea hayo ni kwamba moto wa jikoni haufi. Kila jioni baada ya ugali aliyakusanya makaa katikati ya mafiga, akayafunika kwa majivu kwa kibao kifupi kilichoungua ncha, akayapigapiga taratibu, kisha akatangaza kwa sauti ya mtu aliyemaliza kazi: "Moto umelala." Asubuhi aliyafukua, akapuliza mara tatu, na uji ukaanza kupikwa.

Mkwe wake, Vailet, alilicheka jambo hilo mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili alilizoea. Hata jirani yao Zuwena, mke wa Mzee Mustapha mwenye duka, alilizoea, akawa anakuja kila alfajiri na kipande cha bati kuchota makaa ya kuwashia jiko lake la maandazi.

"Shikamoo, bibi. Moto umelala?"

"Marahaba. Umelala. Chota."

Hilo neno mlishike, maana ndilo lililowafikisha watu polisi.

*

Mwaka huo kiangazi kilikaza. Mwezi wa tisa ulikuwa unakwisha, mlima Kwaraa umekauka rangi, na kila mchana upepo ulishuka kutoka huko ukapita mashambani ukibeba vumbi na majani. Huko Nakwa mtu alichoma taka zake, moto ukamponyoka, ukala zizi la jirani pamoja na ndama wawili. Baada ya hapo likabandikwa tangazo kwenye kila mlango wa ofisi ya mtaa: hakuna kuchoma taka, mabua wala magugu bila kibali.

Shamba la nyuma ya nyumba ya Salvatory lilijaa mabua ya mahindi na magugu. Yalitakiwa yaondoke kabla ya mvua za vuli, na Salvatory alikuwa na kazi ya ujenzi Bagara kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi. Kwa hiyo Vailet ndiye aliyekwenda kuomba kibali. Alikwenda mara tatu. Mara ya kwanza mtendaji alikuwa kikaoni, mara ya pili fomu zilikuwa zimekwisha. Mara ya tatu alimkuta mezani, shati limepigwa pasi mpaka linameta.

Mtendaji huyo aliitwa Sosthenes. Vailet alimzidi umri kwa miaka miwili mitatu, lakini alimwamkia shikamoo, na Sosthenes akaitikia marahaba bila hata kuona haya.

"Kibali kina masharti," alisema, akamsukumia karatasi. "Soma mwenyewe, kwa sauti. Nisije nikaambiwa kesho kwamba sikusema."

Kwenye benchi walikaa watu watano wakisubiri zamu. Vailet alisoma kama mtoto aliyesimamishwa mbele ya darasa. Moto utawashwa kuanzia saa kumi na mbili asubuhi na kuzimwa kabla ya saa tatu. Mwombaji atafyeka njia ya kuzuia moto, upana wa hatua sita. Mwombaji atakuwa na ndoo ya maji na mchanga karibu. Mwombaji hataondoka mpaka moto uzimike kabisa.

"Rudia hapo."

"Mpaka moto uzimike kabisa."

"Na chini pale utajaza saa moto ulipozimwa, usaini, uniletee karatasi hapa kabla ya saa tatu. Aliyesaini ndiye atakayejibu. Si mume, si mtoto, si paka. Umenielewa, mama?"

"Nimeelewa."

"Jirani unayepakana naye naye asaini. Kibali ni cha asubuhi mbili tu, Jumatatu na Jumanne."

Mmoja wa waliokaa kwenye benchi alicheka kidogo. Vailet alikunja karatasi, akatoka, uso unamwaka.

*

Jirani waliyepakana naye alikuwa huyohuyo Mzee Mustapha. Mbele alikuwa na duka lililosimamiwa na Zuwena, nyuma alikuwa na banda la mabanzi lenye mashine ya kukamua alizeti. Kwa hiyo nyuma kulikuwa na magunia ya mashudu na lundo la maganda makavu lililofika dirishani. Lundo hilo lilikuwa hatua chache tu kutoka kwenye mpaka.

Aliisoma karatasi yote, miwani puani, halafu akatazama shambani.

"Mama Careen, unaona nilicho nacho huku. Cheche moja tu, nimekwisha."

"Naona, mzee. Ndiyo maana tumefuata utaratibu. Tutauzima."

"Nani atakuwepo?"

"Mimi na mama."

Mzee akatabasamu, akachukua kalamu. "Basi nasaini kwa ajili ya bibi yule. Yule anaujua moto kuliko huyo mtendaji wenu."

*

Jumatatu, kulipopambazuka, Bibi Kandida alifukua makaa jikoni, akayabeba juu ya kipande cha bati hadi shambani. Hawakuwasha moto mpya, waliuhamisha uleule. Vailet alikuwa ameshafyeka njia tangu Jumamosi, hatua sita kamili alizozipima kwa miguu yake. Ndoo ya maji ilikaa pembeni, imejaa. Mabua yalikuwa malundo mawili, na lundo la kwanza lilishika vizuri, moshi ukapanda wima, hakuna upepo.

Kazi ilikwenda taratibu kuliko walivyodhani. Magugu yalikuwa na ubichi chini. Ilipofika saa mbili na nusu lundo la kwanza lilikuwa limebaki makaa mekundu, la pili halijaguswa, na Vailet alikuwa anachungulia saa ya simu. Alikuwa mpishi wa uji katika shule ya msingi, na mwalimu mkuu alikwishamwonya mara mbili mbele ya wenzake kwa kuchelewa. Safari hii alimruhusu mpaka saa tatu, akaongeza kwamba wanaoitaka kazi ile ni wengi.

"Nenda," Bibi Kandida alimwambia. "Haya yaliyobaki nitayamaliza mimi. Lile lundo jingine la kesho."

Vailet aliingia ndani, akanawa, akavaa gauni la kazini. Alipotoka alisimama getini, akaweka fomu juu ya simu yake, akaita kuelekea shambani.

"Mama! Moto vipi?"

Bibi alikuwa ameinama na kibao chake, anapigapiga majivu.

"Umelala!"

Kalamu ilisimama. Ilisimama kwa muda wa kumeza mate. Kutoka getini mpaka pale shambani ni hatua arobaini, na ndoo ya maji ilionekana wazi, bado imejaa pomoni. Vailet aliiona ile ndoo. Neno hilo alilisikia kila jioni kwa miaka minane, na alijua maana yake kama anavyolijua jina la mwanawe Careen. Lakini asubuhi hiyo lilikuwa neno zuri la kusikia kwa namna nyingine, kwa namna ya mtu wa mjini. Moto umelala, moto umekwisha. Ilikuwa saa mbili na dakika arobaini.

Akaandika: Moto umezimwa saa 2:40. Akasaini. Akaipitisha karatasi ofisini, akafika shuleni kabla ya wakati, na mwalimu mkuu akamsifu.

*

Upepo wa Kwaraa ulishuka mchana, saa saba kasoro. Vailet alikuwa anasugua sufuria kubwa nyuma ya jiko la shule. Aliona moshi upande wa kwao. Kwanza ulikuwa mweupe, akajiambia ni vumbi. Kisha ukawa mweusi na mzito, wa mafuta. Aliacha sufuria inazunguka peke yake chini, akakimbia na mikono yenye masizi.

Waliokuwepo walisimulia kwamba upepo uliinua majivu kama mtu anayevuta shuka. Makaa yakafunuka, yakaruka njia ya hatua sita bila kuigusa, yakaangukia maganda. Bibi Kandida alitoka mbio ndani alikokuwa akichambua maharage, akaibeba ndoo ileile ya maji, akaimwaga mahali ambapo moto ulikuwa umeshapita. Mzee Mustapha aliingia bandani kuiokoa mota ya mashine, maana bila mota biashara imekufa. Watu wakamwita. Hakutoka. Vijana wawili wakamvuta kwa miguu, na paa likashuka nyuma yao.

Gari la zimamoto lilifika, likauzima, likainusuru nyumba na duka. Banda lilikuwa limekwisha. Vailet alipofika alimkuta Zuwena amepiga magoti kando ya mumewe, anampepea kwa upande wa khanga, analia, anamwambia afumbue macho. Mikono ya mzee na kifua vilikuwa havitazamiki. Zuwena alinyanyua uso, akamwona Vailet, akarudi kumpepea mumewe.

*

Kesho yake asubuhi waliitwa ofisi ya mtaa. Njiani Salvatory alimshika mkewe mkono, akamrudisha nyuma ili mama yake atangulie.

"Sikiliza," alisema kwa sauti ya chini. "Sahihi ni yako. Ukisema ulijua moto ule una makaa, wanakuchukua wewe leo hii. Careen ana miaka sita. Atabaki na nani?"

"Na mama je?"

"Mama ni mzee. Umri ule watamfanya nini? Watamhoji, watamwonya, watamrudisha. Wewe sema ulivyosikia tu."

"Nilivyosikia?"

"Alisema umelala. Wewe ukaelewa umezimika. Si ndivyo?"

Mbele yao Bibi Kandida alitembea na kitenge chake kizuri cha kanisani, kichwa juu, akiwaamkia watu ambao baadhi yao hawakuitikia.

Ofisini alikuwepo Sosthenes, na askari mmoja wa kike aliyekaa kwenye kiti cha wageni, kofia mapajani. Fomu ilikuwa katikati ya meza.

"Sahihi hii ni yako?" Sosthenes aliuliza.

"Ni yangu."

"Imeandikwa moto umezimwa. Aliyeuzima nani?"

"Mama ndiye aliyebaki nao. Nilimwuliza, akaniambia umelala."

"Umelala," askari alirudia. "Na wewe ulielewa nini?"

Salvatory alikuwa anaangalia viatu vyake.

"Nilielewa umezimika," Vailet alisema.

Bibi Kandida aligeuza shingo, akamtazama. Hakumtazama kwa hasira. Alimtazama kama mtu aliyeitwa kwa jina lisilo lake, anayejiuliza kama anayesemeshwa ni yeye.

"Bibi," Sosthenes akapaza sauti, kama wafanyavyo watu kwa wazee hata wasio viziwi. "Uliuzima moto?"

"Hapana."

"Hukuuzima?"

"Niliulaza. Lundo la pili lilibaki, la leo. Huwezi kuua moto ambao kesho una kazi nao."

"Kwa hiyo ulijua kuna moto ndani ya majivu."

"Nilijua. Si mimi niliyeufunika?"

Sosthenes aliandika kwa haraka, kisha akasoma alichoandika. "Anakiri kwamba aliuacha moto ukiwaka kwa kujua."

"Sikuuacha," Bibi alisema. "Niliulaza."

"Ni hivyohivyo, bibi."

"Si hivyohivyo, mwanangu. Mtoto ukimlaza umemwacha?"

Sosthenes akaguna kwa kicheko, halafu akamwona askari hacheki, akanyamaza. Askari alisimama na kuvaa kofia. Alisema kwa upole kwamba bibi atakwenda nao kituoni kwa maelezo zaidi. Alisema pia kwamba hali ya mgonjwa si nzuri, na kwamba akizidiwa, jalada linabadilika.

Bibi Kandida alijifunga kitenge upya. Mlangoni aligeuka.

"Mama Careen," alisema, "jioni mkimaliza kula usisahau moto."

*

Jioni ile hakuna aliyepika. Careen alikula mkate mkavu, akauliza bibi yuko wapi mara nne, akalala na maswali yake. Salvatory alikwenda kituoni akarudi peke yake, akasema wamemwambia aje kesho. Hakuna aliyekumbuka mafiga.

Asubuhi Vailet alichukua kibao akafukua. Majivu yalikuwa mepesi na baridi mpaka chini. Aliendelea kufukua hata alipofika udongo, akatafuta cheche moja, hata nyekundu ya ukubwa wa harage. Miaka minane moto ule haukuwahi kumfia mtu mkononi. Akakaa chini palepale akalia, na alijua halilii jiko.

Careen alitaka uji. Basi Vailet akajifuta uso akaenda kununua kiberiti. Angeweza kwenda duka la mbali, ila miguu ilimpeleka ilikozoea. Duka lilikuwa limefunguliwa nusu mlango. Zuwena alikuwa ndani anapanga khanga na sabuni kwenye mfuko wa kupeleka hospitali. Nyuma yake, kupitia dirisha, ulionekana weusi wa banda, na harufu ya alizeti iliyoungua ilikuwa bado inakaba koo.

"Mama Mujahid, pole. Baba Mujahid anaendeleaje?"

"Hawezi kumeza. Wanampa maji kwa mrija."

"Mungu atamsaidia."

Zuwena alitia sabuni mfukoni. "Unataka nini?"

"Kiberiti."

"Kiberiti," Zuwena alirudia. Akaacha kupanga. "Leo nyumba ile inanunua kiberiti."

Alichukua kimoja rafuni, lakini hakumpa. Alikishika mkononi.

"Jana Sosthenes alipita hapa. Kaniambia bibi kasema kaulaza moto, na wewe kwa bahati mbaya ukadhani umezimika. Kasema ni tatizo la lugha, wazee wa Mbulu."

Vailet alishika ukingo wa meza.

"Miaka minane nimechota moto kwenu na kipande changu cha bati," Zuwena alisema. "Mkweo alikuwa ananiambia nini?"

"Mama Mujahid..."

"Nakuuliza. Kila siku, kabla sijachota. Alikuwa ananiambia nini?"

"Umelala."

"Na mimi nilikuwa nachota nini? Majivu?"

Zuwena aliweka kiberiti juu ya meza, akakisukuma kwa kidole.

"Saa nne askari anakuja kuchukua maelezo yangu. Mume wangu kafungwa bandeji mpaka shingoni, sina nguvu ya kusema uongo kwa ajili ya mtu. Wala sitakuonea. Lakini bibi yule hatalala kule siku ya pili kwa neno ambalo wewe na mimi tunalijua. Chukua. Utalipa siku nyingine."

*

Vailet alikwaruza njiti tatu kabla ya kupata moja iliyoshika. Moto ukawaka. Alipika uji, akampa Careen kwenye kikombe cha bibi, akamwangalia anavyokunywa mpaka mwisho. Kisha akajaza ndoo ya maji, akaiweka kando ya mafiga, akakusanya makaa katikati, akayafunika majivu na kuyapigapiga kwa kile kibao. Akabadili nguo. Akavaa kitenge chake mwenyewe cha kanisani.

Salvatory alikuwa amekaa kizingitini, kazini hakwenda.

"Unakwenda wapi?"

"Polisi."

"Vailet, nilikwambia jana—"

"Uliniambia. Na nilisikia nilichotaka kusikia. Ile ilikuwa mara ya pili."

"Mzee akifa je? Umefikiria hilo? Akifa wewe ndiye—"

"Nimefikiria."

Salvatory hakuinuka kumzuia, na hakuinuka kumsindikiza. Vailet alichuchumaa mbele ya mwanawe, akamfuta uji shavuni.

"Bibi atarudi leo. Akirudi, mwambie mama kasema moto umelala."

Careen, ambaye kwa siku mbili alikuwa amewasikia wakubwa wakilibishania neno hilo, alikunja uso.

"Umelala, au umezimika?"

"Umelala, mwanangu. Una moto ndani."

Vailet akaenda. Ilikuwa saa mbili na nusu, na upepo ulikuwa haujaanza. Careen alibaki amesimama mlangoni mwa jiko, analinda, anairudiarudia salamu ile kama aliyetumwa dukani, asije akakosea: umelala, una moto ndani, umelala, una moto ndani.